Kipimo cha floraidi kwenye udongo na mboga kina maana gani?

Mtu akikwambia udongo wa bonde fulani una floraidi, madini ambayo yakizidi huacha madoa kwenye meno ya watoto, miligramu 300 kwa kilo, usishtuke kwanza. Kiasi hicho ni cha kawaida katika udongo wa nchi nyingi. Hiyo ni namba ya jumla, imehesabu hata floraidi iliyofungwa ndani ya chembe za mawe ambayo mzizi hauipati. Inayomhusu mkulima ni ile inayoyeyuka kwenye maji, na mara nyingi huwa sehemu ndogo sana ya jumla hiyo. Udongo wa mfinyanzi wenye uchachu kidogo huishika. Udongo wa magadi huiachia. Ndiyo maana mashamba mawili yenye jumla moja yanaweza kutoa mchicha tofauti kabisa.

Kwa watu wa Tanga suala hili linakuja na mto Pangani. Kikuletwa, mmoja wa mito inayoulisha, hukusanya maji ya Meru, mlima wa volkano wenye miamba ya floraidi nyingi. Huko Arusha vipo visima na vijito vinavyopita mbali kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, na maziwa ya Momella yana mamia ya miligramu kwa lita. Lakini kabla maji hayajateremka kwenda Hale mkoani Tanga yamepitia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yakachanganyika na Mkomazi na Luengera, mito inayopokea maji ya Usambara, milima ya miamba mikongwe isiyo ya volkano. Kwa hiyo kumbandika mkulima wa bamia wa Korogwe namba za Arusha ni kumwonea. Apimiwe maji yake mwenyewe, na yapimwe kiangazi, kwa sababu jua likikausha matuta maji huondoka na floraidi hubaki. Mbolea za fosfeti nazo huongeza kidogo.

Ndani ya mmea floraidi husafiri na maji, na maji yanapotoka kwenye jani floraidi hubaki, zaidi kwenye ncha na kingo. Hivyo mchicha na matembele huwa nayo nyingi kuliko nyanya au punje za kunde. Vumbi la shamba lililoganda kwenye jani nalo huingia kwenye hesabu, basi osha vizuri kabla ya kukatakata.

Hapa ndipo wengi hupotea: maabara hupima mboga iliyokaushwa. Tuseme karatasi ya majibu inasema miligramu 20 kwa kilo ya mchicha mkavu. Mchicha mbichi ni maji kwa karibu asilimia 90, kwa hiyo kilo moja ya sokoni ina kama miligramu 2, na fungu la gramu 200 lina 0.4. Linganisha na lita mbili za maji ya kunywa yenye 1.5 kwa lita: miligramu 3. Mboga ni nyongeza. Mzigo mkubwa kwa kawaida uko kwenye ndoo ya maji, na kuyachemsha hakuiondoi floraidi, kunaikoleza tu.

Mimi ningekagua jikoni kabla ya kulaumu bustani. Majani ya chai, hata yale ya Usambara kwetu, hukusanya floraidi kwa asili yake, hasa yaliyokomaa. Magadi ya kulainishia makande yanaweza kuwa nayo nyingi, kutegemea yalikochimbwa. Anayeathirika zaidi ni mtoto wa chini ya miaka minane, ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya fizi. Madoa ya kahawia huonekana meno yakishaota, na hapo hayafutiki kwa mswaki.