Je, wajua kwa nini Indiana Jones akiwa dogo aliletwa kupigana vita huku kwetu?

Wengi tunamjua Indiana Jones mtu mzima wa kwenye filamu, yule wa kofia na mjeledi, profesa anayekimbizana na wanazi kugombea vitu vya kale. Wachache wanajua kwamba kuna tamthilia nzima ya TV kuhusu ujana wake, George Lucas aliitengeneza na ikaanza kurushwa Marekani Machi 1992, na humo ndani dogo akiwa na miaka 17 anatua Afrika Mashariki, katikati ya vita ya Wajerumani na Waingereza. Sasa swali linakuja, Mmarekani wa kubuni, tena mtoto wa profesa, anatafuta nini kwenye vita iliyopiganwa Rufiji na Tabora? Jibu lake ni tamu na linatufundisha mengi kuhusu hiyo vita yenyewe, kwa hiyo twende nalo taratibu.

Kwanza ni hesabu ya miaka tu. Zile filamu tatu za mwanzo zinatokea kati ya 1935 na 1938, na Indy humo ni mwanaume aliyekomaa, ameshazunguka dunia. Ukirudisha kalenda nyuma unapata mtu wa kuzaliwa 1899, na ndo tarehe waliyompa, 1 Julai 1899. Maana yake Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza Agosti 1914 alikuwa ndo kwanza katimiza 15. Waandishi hawakuwa na pa kukwepea, ukitaka kusimulia ujana wa mtu wa umri ule lazima upite kwenye vita, ni kama kutaka kwenda Morogoro kutoka Dar bila kupita Chalinze.

Tatizo likawa moja. Marekani haikuingia vitani mpaka Aprili 1917. Kungoja mpaka hapo ni kupoteza miaka yote ya moto. Wakamtafutia jeshi lingine, jeshi la Ubelgiji. Kwenye stori anakutana na jamaa Mbelgiji anaitwa Remy huko Meksiko, wakati wa vurugu za Pancho Villa, yule kiongozi wa wapiganaji wa mapinduzi, wanavuka bahari pamoja mwaka 1916, na kwa kuwa umri haujafika anajiandikisha kwa jina la uongo, Henri Defense, ambalo kalitoa kwenye kibao cha Kifaransa cha kukataza kuvuta sigara. Jina kalisoma ukutani, akalisema mbele ya afisa, basi, kawa askari.

Wapo wanaodhani hiyo ya mtoto kujiandikisha ni chumvi ya tamthilia. Hapana jamani, ilitokea kweli na ilitokea sana. Uingereza sheria ilitaka uwe na miaka 18 kuandikishwa na 19 kupelekwa nje ya nchi, lakini kuna mtoto anaitwa Sidney Lewis aliingia jeshini Agosti 1915 akiwa na miaka 12, kumi na mbili! na mwaka uliofuata akiwa na 13 alikuwa kwenye mapigano ya Somme mpaka mama yake alipopeleka cheti cha kuzaliwa ndo wakamrudisha nyumbani. Na Wamarekani waliojiunga na majeshi ya watu kabla nchi yao haijaingia walikuwepo pia. Mmoja ni Eugene Bullard, kijana mweusi wa Columbus, Georgia, aliyetoroka kwao akiwa mdogo, akazamia meli mpaka Ulaya, 1914 akajiunga na jeshi la wageni la Ufaransa (Foreign Legion), akajeruhiwa kwenye mapigano ya Verdun, na 1917 akawa rubani wa ndege za kivita upande wa Wafaransa, na nchi yake ilipoingia vitani jeshi lake halikumtaka rubani mweusi. Mimi nikisoma maisha ya Bullard naona kabisa yanatosha tamthilia yake peke yake.

Haya, tufike huku kwetu. Kwa nini Mbelgiji atue Afrika Mashariki? Hapa waandishi walikuwa na hoja ya maana, maana watu wengi hata hapa Tanzania wakisikia hii vita wanawaza Mwingereza na Mjerumani tu. Ubelgiji ilikuwa na Kongo, na jeshi lake la Kongo, Force Publique, lilivuka 1916 likaingia Rwanda na Burundi, halafu likashuka mpaka likaiteka Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Askari wa lile jeshi karibu wote walikuwa Wakongo chini ya maafisa Wabelgiji. Kwa hiyo kumtoa luteni wa Kibelgiji mitaroni Ulaya na kumtupa Ziwa Tanganyika ni kitu kinachoingia akilini.

Na kuna sababu ya kisanii. Vita ya Ufaransa ilikuwa ya kukaa kwenye mtaro, tope mpaka magotini, mnasogea mita mia kwa wiki na watu elfu wamekufa. Mtu wa safari na vituko hapati nafasi pale. Huku vita ilikuwa inatembea. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa na askari wachache akawazungusha Waingereza wakimfukuza miaka minne, kutoka Kilimanjaro mpaka Rufiji, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, akarudi, akaishia Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), na alisalimu amri Abercorn, siku hizi Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kuisha Ulaya! Ukiwa mwandishi wa stori za safari hiyo ni zawadi.

Zawadi nyingine ilikuwa kikosi chenyewe alichoangukia dogo. Kwenye tamthilia anapanda treni siyo, anapotea, anajikuta kwa wazee wa Kiingereza wenye mvi wanaopigana kama vijana. Kile kikosi kilikuwepo kweli, batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers, walifika Mombasa Mei 1915, watu zaidi ya elfu moja, humo kuna wawindaji, watu wa sarakasi, kuna Cherry Kearton mpiga picha wa wanyama, na kuna Frederick Selous, mwindaji maarufu kuliko wote wa enzi hizo, aliyeshuka melini ana miaka 63. Ndiyo, Selous huyo huyo ambaye pori letu la akiba lilipewa jina lake. Mwigizaji aliyemwigiza ni Paul Freeman, yule yule aliyekuwa adui wa Indy kwenye filamu ya kwanza.

Wazee hao na dogo wanatumwa kuilipua treni ya Wajerumani yenye mzinga mkubwa, inayotokea, inapiga, inapotea. Hapo sasa ndo naomba tusimame kidogo. Tamthilia inaweka hayo mwishoni mwa 1916. Lakini kufikia muda huo Wajerumani hawakuwa tena na reli! Tanga ilichukuliwa Julai 1916, Morogoro Agosti, Dar es Salaam tarehe 4 Septemba, Tabora kama nilivyosema. Reli ya Usambara imekwenda, reli ya kati imekwenda. Treni ya kivita ya Mjerumani mwezi ule ingepita wapi?

Mizinga mikubwa ya ghafla ilikuwepo lakini, na stori yake ya kweli naiona kali kuliko ya treni. Meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha kwenye delta ya Rufiji, Waingereza wakaipiga mpaka wenyewe Wajerumani wakaizamisha tarehe 11 Julai 1915. Wakaizamisha lakini mizinga yake kumi wakaitoa! Wakaipeleka Dar, karakana ya reli ikaitengenezea magurudumu, na kuanzia hapo ile mizinga ya meli ikaburutwa nchi kavu, porini, milimani, kwenye matope ya masika. Mmoja wapo upo Fort Jesus Mombasa, ukienda usimame karibu yake uangalie ule urefu wa chuma halafu ujiulize ulifikaje kila ulipofika. Uliburutwa na watu. Mamia ya watu kwa kamba.

Na hapa ndo penye neno langu hasa. Stori ya kijana jasiri inahitaji vita inayotembea, na vita iliyotembea Afrika Mashariki ilitembea juu ya vichwa vya babu zetu. Farasi na ng'ombe walikufa kwa ndorobo, barabara hakuna, kwa hiyo kila risasi na kila kibaba cha unga kilibebwa na mtu. Sasa fanya hesabu: mpagazi anabeba mzigo wa kilo 25 hivi, naye anakula karibu kilo moja kwa siku. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi kashakula kilo 20, kinachomfikia askari mbele ni kilo tano. Ndo maana kila jeshi liliposonga mbele lilihitaji wapagazi wengine wa kuwabebea chakula wapagazi, na wengine tena nyuma yao, mpaka jumla kwa pande zote ikazidi watu milioni moja. Walikamatwa vijijini, wengi hawakuja kwa hiari. Walilishwa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, usioiva kwa kukosa kuni na muda, wengi hawajauzoea, matumbo yakaharibika, kuhara damu kukawaua kuliko risasi. Upande wa Waingereza peke yake hesabu rasmi ni wapagazi kama 95,000 waliokufa, na wanahistoria wengi wanaona ni ndogo. Kambi yao ya Dar ndo pale tunaponunua mitumba na vitenge leo, Kariakoo.

Nikiri tamthilia haikuwasahau kabisa. Sehemu inayofuata dogo anatumwa kuvuka Kongo mpaka pwani ya Atlantiki kuchukua silaha, na adui mkubwa pale ni homa, wanazikana njiani mmoja mmoja, wanamkuta mtoto mdogo aliyebaki peke yake kijiji kizima kimekufa, na mwisho Indy mwenyewe yuko hoi anaponea kwa daktari Albert Schweitzer kule Lambaréné, Gabon, ambaye naye alikuwepo kweli. Ile sehemu iko karibu na ukweli kuliko kulipua treni. Ila hata humo macho yetu yapo kwa kijana wa Kimarekani, anaugua, anajuta, anakua, na waliobeba mizigo wengi wanapita bila hata jina.

Selous alipigwa risasi ya kichwa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, siku chache baada ya kutimiza 65. Kaburi lake lipo, lina jina, watalii wanapelekwa mpaka leo, ndani ya hifadhi ambayo tangu 2019 inaitwa Nyerere.

Dogo wetu wa kubuni alirudi Ulaya akamalizia vita huko, na Mei 1919 tamthilia inamweka Paris kwenye mkutano wa amani, mkalimani, anawaona wakubwa wakigawana dunia ya Waarabu na anakasirika. Tarehe 30 ya mwezi huo huo, mji huo huo, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walikubaliana Rwanda na Burundi ziende kwa Mbelgiji na sehemu kubwa iliyobaki ichukuliwe na Mwingereza, ambaye mwaka uliofuata aliipa jina la Tanganyika. Hilo kwenye tamthilia halimo.