Kuweka vioo na loki za umeme kwenye gari la vioo vya kuzungusha: anza na mlango

Wateja wanaoniletea Probox za daraja la chini, Corolla za zamani na zile Suzuki Carry tunazoziita Kirikuu, ombi lao huwa moja: "Fundi, nitolee hivi vishikio vya kuzungusha, niwekee vioo vya umeme na sentro loki." Sababu zao naziheshimu. Ukiwa peke yako kwenye foleni ya Dar es Salaam na kioo cha abiria kiko wazi, kukifunga mpaka ulale juu ya kiti cha pili, na kabla hujafika simu iliyokuwa kwenye dashibodi imeshaondoka na mtu wa pikipiki. Anayebeba abiria usiku anataka milango yote ijifunge kwa kitufe kimoja. Kazi hii inawezekana, na ikifanywa kwa utulivu inadumu kama ya kiwandani. Zile zinazorudi zimeharibika, nyingi nikizifungua nakuta tatizo lile lile: fundi alishughulika na mota, mlango wenyewe hakuutazama.

Kwa hiyo kabla sijagusa skrubu, nazungusha kila kioo kwa mkono, kutoka chini kabisa hadi juu, taratibu. Mkono unakuambia mengi. Kuna kioo kinachokuwa kizito nusu ya njia, maana yake reli yake imepinda au raba imevimba. Kuna kinachoinamia upande mmoja kikipanda, huyo roli yake imekwisha. Mota ya kioo kinachoteleza vizuri hula umeme mdogo, ampea chache tu. Kioo kikikwama, mota ile ile inavuta mara tatu au nne ya hapo, inapata moto, na swichi inaanza kuungua meno yake ya ndani. Kioo kinachokusumbua wewe kwa mkono kitaiua mota.

Dawa ya raba ngumu ni kuiosha. Chukua kitambaa chembamba, maji na sabuni, pitisha ndani ya mfereji wa raba mpaka kitambaa kitoke bila vumbi jekundu. Ikikauka, puliza silikoni ya kopo. Usipake oili ya injini wala grisi kwenye raba. Mafuta hayo ya jamii ya petroli yanaifanya raba ivimbe na kulainika vibaya, halafu yanashika vumbi na kugeuka msasa unaochora kioo. Raba iliyopasuka badilisha, wala usibishane nayo.

Kufungua mlango kuna ujanja mmoja ambao kila kijana ninayemfundisha lazima aujue. Kishikio cha kuzungusha cha Toyota nyingi hakina skrubu. Kimeshikwa na klipu ndogo ya waya iliyojificha nyuma yake. Watu huchokonoa na bisibisi mpaka kava la mlango linachanika. Chukua tambara la pamba, lipitishe nyuma ya kishikio, lishike ncha mbili na ulivute huku na huku kama unayeng'arisha kiatu. Uzi wa tambara utanasa klipu na kuirusha nje. Weka mkono mwingine uidake, maana ikiingia chini ya kiti utaitafuta hadi magharibi.

Ndani ya kava utakutana na karatasi ya plastiki iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Itoe polepole, ikiwa nzima, uitundike mahali safi. Mlango wa gari umetengenezwa ili maji ya mvua yaingie. Yanapita kando ya kioo, yanashuka ndani ya bati na kutokea kwenye vitundu vya chini. Hiyo plastiki ndiyo inayoyazuia yasivuke kuja kwenye kava, swichi na zulia. Ukiitupa, swichi yako mpya itaota kutu ya kijani msimu wa kwanza wa masika. Ukiwa hapo chini, chokonoa na vile vitundu, mara nyingi vimezibwa na tope.

Sasa kuhusu mashine yenyewe ya kupandishia kioo. Ushauri wangu, kama gari lako lina ndugu yake wa daraja la juu lenye vioo vya umeme, tafuta vifaa vilivyotoka huko: mashine na mota yake, swichi, makava ya milango na waya zake. Bati la mlango la magari mengi lina matundu ya bolti ya aina zote mbili tangu kiwandani, kwa sababu kiwanda hakitengenezi milango miwili tofauti kwa ajili ya kishikio tu. Kwa wauza vipuri vya mtumba, mtaa wa Gerezani hapa Dar es Salaam na kwingineko, usinunue mota kwa macho. Omba betri, igeuze pande zote mbili, sikiliza kama kuna mlio wa meno kuruka. Hakikisha ni ya upande wako, ya kulia haiingii kushoto. Na mwambie muuzaji asikate waya kwenye soketi. Aache mkia mrefu, kwa sababu soketi ya asili ni ngumu kupata kuliko mota.

Kama ndugu huyo hayupo, ndipo unaingia kwenye seti za jumla zinazouzwa kwenye boksi. Zipo zinazokuja na mota ya kushika ule mhimili wa kishikio cha zamani na kuuzungusha badala yako, mashine ya zamani ikibaki mahali pake. Zipo zenye waya mnene wa meno unaopita kwenye bomba. Kwa Kirikuu naona aina ya kwanza inafaa, mradi mashine ya zamani haijalegea. Kwa gari lenye kioo kizito kama Land Cruiser ya kazi, siipendi.

Jambo la hatari ambalo halitajwi vya kutosha: mashine nyingi zenye mikono ya mkasi zina springi ya bati iliyoviringwa, inayosaidia kubeba uzito wa kioo. Ukiifungua mota kutoka kwenye mashine hiyo ikiwa mkononi, springi inaachia ghafla, mikono inaruka, na yale meno yanakata kidole. Pitisha kwanza bolti kwenye tundu la kipande chenye meno na la bati la mashine, ubane, ndipo uguse mota. Na kioo nacho, kabla hujakitoa kwenye mashine, kipandishe juu na ukifunge kwa tepu pana inayopita juu ya fremu pande zote mbili.

Tukifika kwenye umeme, kuna kitu kimoja ukikielewa kazi yote inafunguka. Mota ya kioo ina waya mbili, wala haina ethi yake, yaani njia ya kurudi hasi ya betri, kwenye bodi. Kioo kinapanda au kushuka kutegemea waya upi umepata chanya na upi hasi. Swichi isipoguswa, waya zote mbili zinakaa kwenye ethi. Ukibonyeza kupandisha, waya mmoja unahamia chanya na mwingine unabaki ethi, ukiachia, unarudi. Kurudi huko kwa pamoja kunaisimamisha mota palepale, kioo hakiendelei kuteleza.

Mlango wa abiria una swichi mbili, yake na ile ya dereva, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Mtu anachukua waya za swichi zote mbili na kuziunganisha moja kwa moja kwenye mota. Dereva akibonyeza, swichi yake inapeleka chanya kwenye waya ambao swichi ya abiria, ikiwa imepumzika, imeushikilia kwenye ethi. Chanya na ethi zinakutana, fyuzi inakatika. Mteja anaambiwa fyuzi ni dhaifu, anawekewa kubwa zaidi, na safari hii zinaungua waya. Njia sahihi ni kuzipanga kwa kufuatana: swichi ya abiria haina ethi yake, ethi yake inatoka kwenye swichi ya dereva. Ya abiria ikipumzika, inapitisha tu kile ambacho ya dereva imekileta. Ndiyo maana ile kitufe ya dereva ya kuzuia vioo vya abiria inaweza kufanya kazi yake. Chora mchoro huo kwenye karatasi kabla ya kukata waya. Kwa mita ya kupimia umeme utazitambua pini za swichi yoyote kwa muda mfupi.

Unene wa waya nao si jambo la kukisia. Tuseme kutoka kwenye fyuzi hadi mlango wa nyuma na kurudi ni mita 10 za waya. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5 kwa urefu huo una ukinzani wa ohm 0.35 hivi. Mota ikivuta ampea 10 kioo kinapobana juu, volti 3.5 zinapotelea njiani, na mota iliyohitaji 12 inapata 8.5. Kioo kinapanda kwa kuvuta miguu na mteja anadhani mota ni mbovu. Ukitumia waya wa 2.5, unapoteza volti 0.7 tu. Mimi natumia 2.5 kwa kila mota na 4 kwa waya mkuu unaotoka kwenye betri, ukiwa na fyuzi karibu kabisa na betri na relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayowashwa na swichi ya ufunguo, ili watoto walioachwa garini wasichezee vioo. Waya za spika za bei rahisi msizitumie. Kwangua moja kwa kisu: nyingi ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu, hazipitishi umeme vizuri na zinakatika haraka zikikunjwa.

Na kukunjwa ndiko kuliko kwingi. Kati ya nguzo ya bodi na mlango, waya hukunjwa kila mtu anapopanda na kushuka, miaka yote. Hapo tumia waya wa nyuzi nyembamba nyingi, upitishe ndani ya bomba la raba, uache ulegevu wa kutosha mlango ukiwa wazi kabisa, na usiunge chochote ndani ya bomba hilo. Maungio yote yakae ndani ya mlango au nyuma ya dashibodi, yasoldwe na kuvikwa mpira wa kusinyaa kwa moto. Ukilazimika kutoboa bati, paka rangi kwenye ukingo wa tundu kabla ya kuweka raba, bati lililo wazi linaoza na kukata waya. Ethi ipeleke kwenye bodi kwa waya wake. Bawaba zina grisi na kutu, huwezi kuzitegemea.

Loki ni rahisi zaidi, ila zinahitaji mkono mwangalifu. Seti ya kawaida ina mota moja ya waya tano kwa mlango wa dereva na tatu za waya mbili kwa milango mingine. Zile waya tatu za ziada ndizo zinazoiambia kompyuta ndogo ya loki kwamba dereva amefunga au amefungua. Mota hizi hupewa umeme kwa chini ya sekunde moja tu, kisha unakatwa. Aliyeziunganisha kwenye swichi ya kawaida bila kompyuta hiyo ameziandalia kaburi. Mlango mmoja ukifunguka wakati mingine inafungwa, badilishana waya zake mbili za nguvu, basi.

Kazi iko kwenye fimbo. Fimbo ya mota isukume kwa mstari ulionyooka na fimbo ya loki. Ikikaa kwa pembe, nguvu inapotea na skrubu ya kibano inateleza baada ya muda. Kabla ya kutoboa mahali pa kuibana mota, shusha kioo hadi chini. Nafasi inayoonekana pana kioo kikiwa juu ni njia ya kioo hicho hicho.

Kuna wanaoniomba vioo vijifunge vyenyewe wakiwasha alamu. Kwa seti hizi nakataa. Magari yanayokuja na huduma hiyo kiwandani yana kinga ya kuhisi kitu kilichobanwa na kurudisha kioo chini. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 21 inataka nguvu ya kubana isizidi nyutoni 100, kama uzito wa kilo 10. Mota ya boksi haina kinga hiyo, na shingo ya mtoto ni laini.

Siku ya kukabidhi gari, nachomoa betri kwanza. Kila mlango lazima ufunguke kwa mkono wa ndani bila umeme, na wenye tundu la ufunguo ufunguke kwa ufunguo pia; loki ikiwa nzito, mota imekaa vibaya na naifungua tena. Kisha narudisha betri, napima volti kwenye soketi ya kila mota kioo kikiwa kinapanda, injini ikiwa imezimwa. Ikipungua zaidi ya volti moja ukilinganisha na betri, natafuta ungio. Mwisho namwagia milango maji kwa mpira, nafungua upande mmoja wa kava na kupapasa plastiki kwa nyuma kama imebaki kavu.