Bastola Yako Haivuti Kushoto

"Mwalimu, hii kitu inavuta kushoto."

Mwezi huu nimeambiwa hivyo mara nne. Wa mwisho alikuwa mzee mmoja mfanyabiashara wa samaki wa soko la Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, mtu mzima ambaye shikamoo yake naitoa kabla hajashuka kwenye gari. Alikuja na bastola ya milimita 9, mpya kabisa, ila kilengeo cha nyuma kilikuwa na kovu la nyundo. Alikuwa amempa kijana wa gereji akigonge kwenda kulia "ili kirudishe risasi katikati." Nilikaa kwanza juu ya jiwe, nikanywa maji. Ukimjibu mkubwa damu ikiwa inachemka utamvunjia heshima.

Damu imepoa, kwa hiyo naandika. Jumamosi ijayo akija wa tano nitampa asome.

Tuanze na teke, maana ndilo linalosingiziwa. Bastola ikilia, mdomo wake huruka juu. Hakuna bastola inayopiga teke la kwenda chini. Sasa matundu yako yamejaa chini kushoto mwa shabaha, halafu unaniambia teke ndilo limeipeleka risasi huko. Teke lipi? Baruti ikishawaka, risasi ya milimita 9 inatoka kwenye mtutu kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mkono wa binadamu unahitaji kama sehemu mbili za kumi za sekunde kuitikia jambo lolote. Ukishtuka baada ya mlio, risasi imeshazama kwenye kifusi cha udongo nyuma ya shabaha. Basi kilichoipeleka chini kilitokea kabla ya mlio. Mwili wako unajua kishindo kinakuja, ukakiwahi. Kiganja kizima kikabana pamoja na kidole cha triga, kifundo kikainama, mdomo wa bastola ukachovya. Kwa anayeshika kwa mkono wa kulia, huko ndiko risasi inakokwenda: chini, kushoto.

Anayebisha amtafute mtu mwenye shoto. Nimeshuhudia baba akiilaani bastola kuwa inavuta kushoto, binti yake mwenye shoto akaichukua hiyohiyo ikaanza "kuvuta" kulia. Chuma hakina akili ya kujua kimeshikwa na nani.

Yule mzee nilimfanyia jaribio ninalowafanyia wote. Nilimwomba magazini, nikampa kisogo, nikapakia risasi tano za kweli na tatu bandia, nimezichanganya asijue ipi iko wapi. Akasimama mita 10 kutoka kwenye kadibodi. Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu ilikuwa bandia: "tik" tu. Na hapo ndipo kila mtu kiwanjani alipoona. Bastola haikulia, haikupiga teke, lakini mdomo wake ulizama kama tonge la ugali kwenye mchuzi wa sangara, mabega yakafuata, jicho moja likafumba. Mwanawe aliyekuwa ameegemea gari akacheka, kisha akakumbuka ni baba yake, akageukia vilimani.

Mzee alibaki ameitazama ile bastola.

"Kumbe ni mimi?"

"Ni wewe, mzee wangu."

Nikaichukua, nikaweka mfuko wa mchanga mezani, nikaegemeza mikono, nikapiga tano kwa mita 15. Zote tano zilikaa kulia, zimekusanyika mahali pamoja kiasi cha kufunikwa na kiganja. Bila shaka. Risasi hufuata kilengeo cha nyuma: ukikisogeza kulia, nazo zinahamia kulia. Kwa hiyo sasa alikuwa na makosa mawili yanayofichana. Siku atakayoacha kuchovya, bastola iliyotoka kiwandani ikiwa sawa itampigia pembeni. Ni mtumbwi umelalia upande mmoja, na badala ya kuhamisha mzigo wewe unakata usukani.

Kilengeo kinaweza kukosewa kweli, sikatai. Lakini namna ya kujua ndiyo hiyo niliyoeleza: mfuko wa mchanga, mita 15, risasi tano, na mkono wa mtu mwingine anayejua kupiga. Kama tano za mwingine nazo zimekwenda kushoto, hapo tuzungumze habari za kilengeo. Kama ni zako peke yako, tuzungumze habari zako.

Na ukubwa wa kosa ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma kwenye bastola nyingi pana sentimita 15 hivi. Mdomo ukihama pembeni milimita 1 tu ukilinganisha na kilengeo cha nyuma, kwenye shabaha ya mita 10 risasi imehama zaidi ya sentimita 6. Milimita 2, imehama 13. Eneo la A, lile la katikati lenye alama nyingi, kwenye shabaha ya kadibodi lina upana wa sentimita 15, yaani kutoka katikati una saba na nusu kila upande. Hesabu mwenyewe. Milimita 2 ni unene wa sarafu.

Kwa kuwa nimeitaja sarafu, dawa ni hiyo. Shilingi 200. Bastola tupu, umeikagua chemba inamokaa risasi kwa jicho na kwa kidole, na hakuna risasi hata moja ndani ya chumba unachofanyia mazoezi. Si kwenye droo, si mfukoni, si popote humo ndani. Unalenga upande wenye kitu cha kuzuia risasi hata kama una hakika, mathalani ukuta wa tofali wenye udongo nyuma yake, siyo ule wa mbao ambao upande wa pili wamelala watoto. Mtu akuwekee sarafu juu ya slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, karibu na kilengeo cha mbele. Bonyeza triga taratibu, moja kwa moja kuja nyuma, kidole peke yake kikitembea na vidole vingine vikikaa kama vilivyo. Sarafu ikidondoka, umeuona ugonjwa wako bila kutumia hata risasi moja. Ikikaa mara ishirini mfululizo, ndipo uongeze mwendo.

Dakika 10 kwa siku, siku tano kwa wiki. Mzee wa Mwaloni anasema hana muda, ila muda wa kwenda na kurudi gereji alikuwa nao. Na ukimaliza, umemaliza: sema kwa sauti "nimemaliza," fungia bastola, usirudi kwa ajili ya "moja tu ya mwisho." Hiyo moja ya mwisho, mtu akiwa ameshapakia risasi zake na kusahau, ndiyo inayotoboa televisheni.

Kwa nini dhana hii haifi? Kwa sababu kuilaumu bastola hakumuumizi mtu, na tena kuna mtu wa kukuuzia nyingine. Mteja wangu mmoja anayenunua dhahabu upande wa Geita amebadilisha bastola mara tatu. Zote tatu, kwa maelezo yake, zinavuta kushoto.

Mengine nitayapitia haraka.

"Kufyatua bila risasi kunaharibu bastola." Kwa bastola nyingi za kisasa zinazopigwa kwenye kiini cha kitako cha risasi, hapana. Kwa zile ndogo za .22, ndiyo, acha, maana pini yake hugonga ukingo wa chemba yenyewe. Ukiwa na wasiwasi weka risasi bandia, ni bei ya soda chache.

"Risasi yenye nguvu ndiyo inayoshinda." Katika kanuni za IPSC, shirikisho la kimataifa la mchezo wetu huu wa kulenga shabaha, nguvu ina kipimo: uzito wa risasi kwa greni (kipimo kidogo cha uzito), mara mwendo wake kwa futi kwa sekunde, gawa kwa 1,000. Kiwango cha chini ni 125. Risasi ya greni 124 inayokwenda futi 1,050 inakupa 130, umeshapita. Na kama uko daraja la Production, la bastola za kawaida za kiwandani, ambako nawaanzishia wote, kila mtu anahesabiwa kwa kiwango kidogo hata aje na mzinga. C, eneo la nje ya A, ni alama 3 kwako, ni alama 3 kwa jirani. Nguvu ya ziada haikuongezei chochote isipokuwa teke, na teke tumeshaona linakufanyia nini.

"Huu ni mchezo wa kukimbia." Hii wanayo vijana, wamejaza video kwenye simu. Kauli mbiu ya IPSC tangu shirikisho lianzishwe mwaka 1976 ni ya Kilatini, maana yake usahihi, nguvu, kasi, na mpangilio huo haukuja kwa bahati. Alama ulizopata zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Chukua kituo, yaani zoezi moja la mashindano, cha risasi 12. Kijana wa kwanza amemaliza kwa sekunde 6: A saba, C tatu, D moja, na moja hewani. A ni alama 5, C ni 3, D ni 1: hiyo ni 35 na 9 na 1, toa 10 za ile iliyokosa, anabaki na 35. Gawa kwa 6: 5.83. Dada anayemfuata ametumia sekunde 8 na nusu, A kumi na moja na C moja, alama 58. Gawa: 6.82. Dada ndiye mshindi, anachukua alama 60 zote za kituo; kijana anapewa 51 na kidogo. Kisha anakuja kuniuliza kama saa imeharibika.

"Nukta nyekundu inaondoa kutetemeka." Hiki kilengeo cha kioo chenye nukta ya mwanga kinakuonyesha kutetemeka. Kwa mwalimu ni kifaa kizuri, kwa mnunuzi mara nyingi ni masikitiko, na bado inakuhamishia daraja lingine la mashindano, ukakutane na watu waliokuwa nayo kabla hujajua kuvaa ala, ule mfuko wa bastola wa kiunoni.

Na hiyo ala yenyewe. Ile ya kitambaa laini inayolegea ukichomoa haifai. Ala ifunike triga yote, ibaki wazi baada ya bastola kutoka, ikae kwenye mkanda mgumu. Zile za kwapani hazikubaliwi mashindanoni kabisa, kwa sababu ukichomoa mdomo unawapitia walio nyuma yako. Mkanda wa suti uachie suti yako.

"Huku ziwani kuna chumvi, bastola lazima iogelee mafuta." Huyu huwa ametoka Tanga au Dar. Ziwa Victoria ni maji baridi, ndugu yangu. Chumvi unayoisema ni ya jasho lako. Unyevunyevu upo, kutu inakuja, hasa masika, ila dawa ni kufuta baada ya kila mazoezi na matone machache kwenye reli za slaidi. Mafuta mengi yanashika vumbi la barabara ya Usagara yakawa msasa. Na usihifadhi bastola ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunyonya unyevu na kuubakiza palepale kwenye chuma. Weka ala kwake, bastola kwake, na kabati lenye kufuli liwe la bastola.

"Haina risasi, nimetoa magazini." Sentensi hii ikisemwa kiwanjani kwangu, wote tunasimama. Magazini ikitoka, ile moja ya chemba inabaki. Toa magazini, vuta slaidi nyuma, angalia, gusa. Kwa mpangilio huo. Ukigeuza na kuvuta slaidi kwanza, umetoa moja na kupakia nyingine. Mashindanoni ukigeuza mdomo wa bastola kupita nyuzi 90 kutoka upande wa shabaha, au ukatembea kidole kikiwa kwenye triga, unarudishwa nyumbani siku hiyohiyo, hata uwe umesafiri kutoka Bukoba kwa meli usiku kucha. Hakuna "samahani refa."

Niongeze hii ya hapa kwetu, maana sijaisikia mahali pengine. Wapo wanaodhani Mwanza Mungu ametujengea viwanja: mawe kila mahali, simama mbele ya jabali upige. Itale hairudishi heshima, inarudisha risasi. Ikigonga jiwe inavunjika vipande, na vipande havichagui njia, vingine vinakuja ulipo. Kinachozuia risasi ni udongo au mchanga uliorundikwa juu na mnene, uliochekechwa mawe. Kile kifusi chetu kila baada ya mvua tunakipanda na mapanga na ndoo kuokota mawe yaliyochomoza, na kila mgeni anashangaa kwa nini somo lake la kwanza la bastola ni kubeba ndoo. Wiki iliyopita zilijaa kumi na mbili. Miwani tunavaa hata tukiwa tunatazama tu.

Mzee wa Mwaloni naye alibeba mbili, akiwa na kanzu. Kilengeo chake kimerudishwa katikati, na ile sarafu anasema inadondoka ya saba au ya nane.