Mtandao mseto wa setilaiti na ardhini ni nini hasa?

Ushawahi kukaa sehemu simu inaonyesha vijiti vyote vimejaa, bando unalo, afu WhatsApp inazungusha kaduara tu na picha haifunguki? Wengi wanalaumu simu. Wakati mwingine simu nzima na mnara mzima, shida iko nyuma ya mnara, mana vijiti vinakuonyesha tu simu inavyoupata mnara, havikwambii mnara wenyewe umeungwa na nini kwenda kwenye intaneti ya dunia.

Sasa mtandao mseto ndo kuchanganya njia ya angani, yaani setilaiti, na njia za ardhini kama faiba (nyaya za kioo zinazopitisha data kwa mwanga), minara na mikongo, yaani nyaya kubwa za data zilizolazwa baharini, zifanye kazi kama mtandao mmoja na wewe usijue hata data yako imepita wapi. Chukua kijiji kiko mbali na faiba. Kuchimba mtaro kilomita mia kwa ajili ya wateja wachache hakulipi, kwa hiyo kampuni inasimamisha mnara, inaweka dishi pembeni yake ndani ya uzio limeelekea juu, data inapanda kwenye setilaiti, inashuka kwenye kituo cha ardhini na hapo inaingia kwenye faiba. Mwanakijiji hanunui kifaa chochote, anatumia simu yake ileile na laini ileile.

Wala sio kitu cha jana. 1996 kule Marekani kulikuwa na huduma inaitwa DirecPC, dishi lake lilikuwa la kupokea tu, ukibonyeza kitu ombi lako linaenda kwa waya wa simu afu ukurasa unakuja kutoka angani.

Kilichobadilika ni umbali. Setilaiti za zamani zinakaa kama kilomita 36,000 juu, ombi lipande lishuke na jibu lipande lishuke, ni zaidi ya nusu sekunde kila unapobonyeza, ukipiga simu ya video mnakatishana maneno mpaka basi. Za Starlink, ile huduma ya intaneti ya setilaiti ya kampuni ya SpaceX, nyingi ziko kama kilomita 500 hivi tu. Ila hata hizo zinategemea ardhi kuliko watu wanavyodhani! Kenya walianza kuipata 2023, lakini data ilikuwa inaenda kuingilia intaneti mbali, hadi Lagos, na ping, yaani muda wa data kwenda na kurudi, ilikuwa inapita milisekunde 100 (sehemu ya kumi ya sekunde). Mwanzoni mwa 2025 Starlink wakaweka sehemu ya kuingilia Nairobi na ping ikashuka hadi karibu 30. Setilaiti zilezile, dishi lilelile, kilichoongezeka kiko chini ardhini.

Upande wa pili nao uko hivyohivyo, ardhi nayo inahitaji anga. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini kule upande wa Afrika Kusini, Tanzania, Kenya na majirani tukahangaika na intaneti. Mtu mwenye faiba tu siku kama hiyo anakaa anasubiri meli ya matengenezo. Ofisi au hospitali yenye mseto inakuwa na rauta imechomekwa njia mbili, faiba ikizimika rauta inahamia dishi yenyewe, kazi inaendelea, labda polepole kidogo.

Kuna wanaosema basi tuachane na faiba kila mtu aweke dishi. Mimi sikubaliani kabisa. Setilaiti moja ikipita juu yenu mnagawana uwezo wake wote mlio eneo hilo, mkiwa wachache mnafaidi, mkiwa wengi inajaa. Ndo kilichotokea Novemba 2024, Starlink ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani mana nafasi ilikuwa imeisha, wakati faiba ukiona haitoshi unawasha nyuzi nyingine kwenye waya uleule au unabadilisha mitambo ya mwisho. Kwa hiyo watu walipobanana peleka faiba, walipotawanyika peleka dishi nyuma ya mnara, na hospitali ya wilaya naona inastahili vyote viwili.