Minyoo ya moyo: kuwa nayo si kuisambaza

Nimeisikia tena juzi, kwa mara ya sijui ngapi: "Mbweha aliyepasuliwa alikutwa na minyoo ya moyo, kwa hiyo mbweha ndio wanaowaambukiza mbwa." Aliyeisema si mjinga hata kidogo. Maneno yenyewe ndiyo yaliyomtegea.

Maana kwanza, kwa haraka. Minyoo ya moyo ni Dirofilaria immitis, kimelea chembamba, cheupe, mfano wa tambi iliyochemshwa. Jike hufika sentimita 25 hadi 30. Dume ni mfupi zaidi na ncha ya mkia wake imejisokota. Huingia hasa jamii ya mbwa, yaani mbwa wa nyumbani, koyote, mbwa mwitu na mbweha, ila imekutwa pia kwa paka, fereti, fisi maji na hata simba bahari. Anayeieneza ni mbu. Haipiti kwenye kinyesi, haiji kwa kung'atwa na mnyama mwenzake, wala kwa kula mzoga. Sisi tukisikia "minyoo" akili inakimbilia tumboni, lakini hawa tumboni hawana shughuli.

Sasa jina, maana hapa ndipo mambo yanapoharibikia. Mwaka 1856 Joseph Leidy, mtaalamu wa Philadelphia, alimwita mnyoo huyu Filaria immitis. Filaria inatokana na filum, uzi kwa Kilatini. Immitis ni katili, asiye na huruma. Mwaka 1911 Railliet na Henry wakaunda jenasi ya Dirofilaria, wakiongeza dirus, yaani wa kutisha. Uzi wa kutisha usio na huruma. Moyo umetajwa wapi? Hakuna popote.

"Moyo" umetoka kwenye meza ya kupasulia. Mnyama akiwa hai, minyoo waliokomaa hukaa kwenye ateri za mapafu, wakielea katika damu inayosukumwa kutoka upande wa kulia wa moyo. Mnyama akifa, msukumo unakoma, na minyoo hurudi nyuma hadi ndani ya ventrikali ya kulia, chumba cha moyo kinachosukuma damu kwenda mapafuni. Anayekuja na kisu anafungua moyo, anakuta kishada cha nyuzi nyeupe, anaandika: minyoo ya moyo. Hakusema uongo, kwa sababu hata kwa mnyama aliye hai, minyoo wakizidi sana husongamana hadi moyoni na kwenye mshipa mkuu unaoingia humo, na hapo hali huwa mbaya ghafla. Ila makazi yao ya kila siku ni mapafuni. Kinachonichekesha ni kwamba mnyoo mwingine wa mbweha, Angiostrongylus vasorum, anayepitia kwa konokono, huishi kwenye ateri zilezile, na yeye wengi humwita mnyoo wa mapafu. Nyumba moja, anwani mbili.

Na ni mzoga huohuo unaozaa kosa la pili, lile linaloniudhi zaidi. Wanasayansi humwita mnyama mwenye kimelea "mwenyeji", neno ambalo kwetu ni la mtu anayekaribisha wageni na kuwasindikiza. Basi watu hudhani kila mwenyeji anawapokea na kuwatoa. Wapo wanaopokea tu. Binadamu ni mmojawapo: akiumwa na mbu mwenye lava, yaani minyoo wachanga walio tayari kuambukiza, mnyoo kwa kawaida hufia kwenye mshipa mdogo wa pafu na kuacha kivuli cha duara kwenye picha ya eksirei, kivuli ambacho daktari anaweza kukishuku kuwa saratani. Maambukizi yapo, lakini kwake yameishia hapo.

Ili mnyama awe chanzo, lazima awe na dume na jike, wawe wamekomaa, jambo linalochukua miezi 6 au 7 tangu mbu aume, kisha jike azae mikrofilaria, vitoto visivyoonekana kwa macho, navyo viwe vinaogelea kwenye damu. Mbu anavinyonya. Ndani yake vinahamia kwenye mirija inayofanya kazi ya figo, vinajibadili mara mbili, halafu vinapanda kichwani hadi kwenye mdomo. Joto likiwa kama nyuzi 27 safari hiyo huchukua wiki moja na nusu hadi mbili. Likishuka chini ya nyuzi 14 kila kitu kinasimama. Mbu anapouma tena, lava hupasua ala ya mdomo wake na kudondoka juu ya ngozi pamoja na tone la majimaji, kisha hujipenyeza wenyewe kwenye tundu aliloliacha mbu. Hawadungwi kama sindano, wanatambaa.

Kwa hiyo kumhesabia mbweha mfu minyoo 3 hakukuambii kama damu yake ilikuwa na chochote cha kumpa mbu. Wanaweza kuwa madume watupu.

Halafu huyo mbweha ni yupi? Neno letu limewabeba Vulpes vulpes, yule mwekundu, na Canis aureus, yule wa dhahabu, kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Kwa mnyoo huyu tofauti yao ni kubwa. Mbweha mwekundu mara nyingi huwa na minyoo wachache, na mikrofilaria katika damu yake ni nadra, ndiyo maana wengi hawamhesabu kuwa hifadhi kubwa ya maambukizi. Mbweha wa dhahabu wa kusini-mashariki mwa Ulaya, na koyote wa Marekani, wamekutwa na mikrofilaria damuni, na hao ndio wanaostahili kutazamwa kwa jicho la wasiwasi. Hata "mbwa mwitu" tuna shida naye vilevile, maana tunamwita hivyo Lycaon wa Afrika na yule wa kijivu wa kaskazini, lakini hilo niliache.

Ningemrekebishia yule bwana sentensi yake hivi tu: "Mbweha mwekundu aliyepasuliwa alikutwa na minyoo ya moyo, damu yake haikupimwa."