Je, wajua kwa nini paswedi yako inakataliwa kwenye skrini nyeusi ya Linux?

Umebonyeza Ctrl+Alt+F3 ukaingia konsoli, ile skrini ya maandishi matupu, ukaandika paswedi ile ile ya kila siku, inakataa, unarudia taratibu kabisa bado inakataa. Hujakosea wewe.

Iko hivi, kitufe chenyewe hakijui kimechorwa alama gani juu yake, kinatuma namba tu. Kwenye Linux Esc ni 1, Caps Lock ni 58, halafu kerneli, yaani kiini cha Linux, inaichukua hiyo namba inaenda kuitazama kwenye jedwali ndo iamue itoke herufi gani. Sasa konsoli ina jedwali lake na deskitopu ina lake, na konsoli usipoiseti inatumia la Kimarekani. Kama laptop yako ni mtumba wa Uingereza na deskitopu umeiseti Kiingereza cha kule, @ unaipata kwa Shift na kitufe cha pili kulia kwa L. Konsoli ya Kimarekani hapo hapo inatoa ", na kwa vile paswedi haionekani ukiandika, utajuaje?

Kuhakikisha, andika hiyo alama moja pale panapoandikwa login:, hapo herufi zinaonekana. Ila paswedi nzima usiiandike hapo, maana majina yaliyoshindwa kuingia huwa yanatunzwa kwenye mfumo! Ukitaka kuingia fasta, @ iko Shift+2.

Ukishaingia, kwenye Fedora na Arch (aina za Linux) sudo loadkeys uk inabadilisha muda huo huo lakini ukizima mashine imepotea; sudo ni ya kuendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi. Ya kudumu, Fedora na Arch unaandika KEYMAP=uk kwenye /etc/vconsole.conf. Debian na Ubuntu, aina nyingine za Linux, ni /etc/default/keyboard, unaweka XKBLAYOUT="gb", na hapa wengi wanakwama kwa sababu kwenye faili hili Uingereza inaitwa gb sio uk, halafu unamalizia na sudo setupcon.

Na kwa kuwa ni jedwali tu, unalipanga unavyotaka. Mimi Caps Lock naona inakula nafasi nzuri bure, kwa anayetumia vim, programu ya kuhariri maandishi, igeuze iwe Esc:

echo 'keycode 58 = Escape' | sudo loadkeys -

Namba za vitufe vingine utaziona kwa sudo showkey, na usihangaike na Ctrl+C kutoka, ukikaa sekunde 10 bila kubonyeza kitu inajifunga yenyewe.