Jakarta hadi Singapore: tiketi inaonyesha karibu saa tatu za safari, kurudi dakika hamsini

Kazi yangu ni kupanga safari za ndege, na wasafiri wa Asia ya Kusini-Mashariki huniuliza sana swali hili: mbona ndege inatoka Jakarta saa 4:00 asubuhi na kufika Singapore saa 6:50 mchana, lakini ikitoka Singapore saa 4:00 inafika Jakarta saa 4:50? Wengi husingizia upepo. Upepo hauna kesi hapa.

Tofauti ni ya saa za ukutani. Singapore iko saa moja mbele ya Jakarta, kwa hiyo kwenda na kurudi ni saa 1 na dakika 50 zilezile. Kinachochekesha ni kwamba ukitazama ramani, Jakarta ndiyo iliyo mashariki zaidi, na jua huiangaza kwanza. Kwa haki ya jua, Singapore ingekaa sawa na Jakarta au nyuma kidogo. Ila mwanzoni mwa 1982 Malaysia Bara (sehemu ya nchi hiyo iliyo jirani na Singapore) ilisogeza saa zake mbele nusu saa ili zilingane na za Sabah na Sarawak, majimbo yake ya kisiwa cha Borneo, na Singapore ikafuata jirani yake. Uamuzi wa serikali, basi.

Sasa umbali. Kutoka uwanja wa Soekarno-Hatta wa Jakarta hadi Changi wa Singapore ni kama kilomita 880 kwa njia fupi kabisa, na katikati unavuka ikweta. Ndege ya abiria ikiwa juu huenda karibu kilomita 830 kwa saa. Ukigawanya, unapata saa moja na dakika chache. Hizo dakika arobaini na ushee za ziada zimetoka wapi?

Zimetoka chini, zaidi ya angani. Muda wa tiketi huanza ndege inaposogea kutoka langoni na kuisha inaposimama lango la pili. Humo mna kujikokota hadi njia ya kurukia na kusubiri foleni, na viwanja hivi viwili foleni ni jambo la kila siku. Halafu chini ya futi 10,000 mwendo kwa kawaida hauzidi noti 250, yaani kama kilomita 460 kwa saa, na safari fupi kama hii hutumia sehemu kubwa ya muda wake ikipanda au ikishuka.

Kinachonisumbua mimi mezani ni mawingu ya radi. Karibu na ikweta hakuna ule mkondo mkali wa upepo unaowapa kasi au kuwachelewesha wanaovuka Atlantiki, lakini radi za alasiri huinuka ghafla, na rubani huzizunguka. Ndiyo maana ndege huongezewa mafuta ya kuzunguka na kusubiri, hata kwa safari ya saa moja hewani.

Kama unaunganisha ndege Changi, hesabu kwa saa za Singapore tu. Tiketi huandika kila muda kwa saa za mji husika.